Napiga Pasi Mchana Ili Mume Wangu Anipigie Simu

Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi mawingu mazito juu ya Kagugu, jua limetoka saa nne.

Shangazi Vestine mpendwa, nakusoma gazetini kila wiki na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi, lakini naomba unisaidie, kwa sababu jambo lenyewe nikimsimulia jirani atacheka. Mume wangu Évode ni fundi wa viyoyozi, sote wawili tulikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na sasa yuko Doha, huu ni mwaka wa nne. Kabla ya kuondoka aliweka paneli za jua juu ya paa letu, umeme tunaoutumia ni wetu na unaozidi kampuni ya umeme inaununua na kutulipa kila mwezi, na akaniambia kwa mdomo wake, "Paa likianza kutulipa, narudi." Paa linatulipa tangu mwaka juzi.

Ana programu kwenye simu yake inayomwonyesha mstari wa umeme wa nyumba yetu, unaouzwa na tunaoutumia, na siku hizi mazungumzo yetu ni hayo tu. Akipiga anauliza, "Paa limeamkaje?" nami namjibu, "Limeamka salama, linakusalimia," anacheka, anakata. Siku za mvua hapigi kabisa, paa halina habari. Basi siku moja mchana, jua likiwa kali, nilikuwa napiga pasi mashuka, na kabla sijamaliza shuka la kwanza simu ikalia.

"Mama Gaju, kuna nini hapo? Mstari umepanda ghafla."

"Napiga pasi mashuka."

"Jua lote hilo unalimaliza kwenye mashuka?"

"Na mashuka yenyewe ya mtu mmoja."

Nikasikia anavyopumua, nikatamani asikate. Tangu siku hiyo, Shangazi, jua likiwaka nawasha pasi hata kama hakuna nguo, nawasha na jiko la umeme bila sufuria, nakaa na simu mapajani, na kweli anapiga, ananigombeza, nami sisikii maneno, nasikia sauti tu. Nikiamka kitu cha kwanza ni kuangalia mawingu. Juzi nilichelewa kuamka, akapiga: "Birika halijachemka mpaka saa moja, unaumwa?" Nikakasirika nikamwambia, "Wewe ni mume au ni mita?" Akasema, "Mita haikupigii simu, mama Gaju."

Sasa anataka tuweke paneli na kwenye nyumba ndogo ya uani, anasema mauzo yameshuka, atachukua mkataba mwingine wa miaka miwili huko ili tuzilipie. Nyumba ni yetu sote wawili, bila saini yangu haiwezekani, na Bertrand wa kampuni atakuja mwisho wa mwezi na karatasi. Mauzo yameshuka kwa sababu yangu. Nilitaka sauti yake na nimemsukuma mbali zaidi. Nikimwambia ukweli ataniona mpumbavu, nikinyamaza ni lazima nitie saini, binti yetu Gaju yuko bweni, na nyumba hii ina taa nyingi na mtu mmoja. Nifanye nini?

Mwenye Paa, Kagugu

Naongeza kabla ya kutuma: jana nililala saa saba na robo usiku kwa kuwaza haya.

Shangazi Vestine anajibu:

Mwenye Paa, sikukucheka. Nilicheka kidogo nilipofika kwenye jiko lisilo na sufuria, halafu nikaacha. Lizime leo, kabla hujaunguza hiyo nyumba unayotaka arudi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo wewe ndiye uliyempigia. Hakuna. Una simu, una mdomo, na miaka yote hii hukupiga, mwishowe ukaiachia pasi ikusemee. Aibu ya nini kwa mume wako mwenyewe?

Sasa soma ulichokiandika. Shuka moja halijaisha, ameshapiga. Mtu yuko kazini kwenye joto lile na bado ameona. Anayeona haraka hivyo alikuwa anaangalia tangu asubuhi, mwanangu. Anajua birika lako linachemka saa ngapi, na lilipochelewa hakuuliza habari za mauzo, aliuliza kama unaumwa. Alikwambia wazi kuwa mita haikupigii simu, wewe ukasikia ubishi.

Simtetei. Paa limetimiza ahadi, yeye bado. Nadhani anaogopa kurudi akakaa bila kazi, kwa hiyo kila mwaka atapata paa jingine la kufunika. Mwambie viyoyozi vimejaa hata hapa, aanze kuulizia kwenye mahoteli ya Kiyovu akiwa hukohuko.

Bertrand akija mpe chai, saini usimpe. Na usingoje mwisho wa mwezi: Jumapili hii, jua liwake au mvua inyeshe, piga wewe. Msimulie habari ya pasi yote, ajue mauzo yalipotelea wapi. Atacheka, mwache acheke. Akirudia habari za paneli, mkatize. Kisha sema neno moja. Mimi pia nilikulia upande ule wa mpaka, na jioni wazazi wetu walikuwa na neno la lugha yao la kumwita mtu arudi nyumbani, ambalo hata sisi watoto tuliocheza kwa Kiswahili siku nzima tulilijua maana yake. Mwambie, "Évode, taha."

Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.