Mpishi wangu anamuoa mhudumu wangu, na mimi niliandika kwamba ni ndugu

Mpendwa Mama Nadège, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimejifunga kamba mwenyewe. Nina mgahawa hapa Baraka karibu na soko, nina Vainqueur jikoni na Espérance kwenye meza, wanakuja kila siku huu mwaka wa tatu, na mwaka jana akaja inspekta wa kazi, Bwana Wilfried, akaniuliza, "Mama, hawa bafanyakazi bako, mikataba yabo iko wapi?" na mimi kwa kuogopa kodi ya mishahara na michango ya caisse, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nikajibu, "Bafanyakazi gani, papa? Hawa ni batoto ba marehemu kaka yangu, banakuya kunisaidia tu," akasema basi niandike hivyo, nikaandika, nikatia sahihi, na kwa kuwa wote wananiita shangazi sikuona kama ni uongo mkubwa.

Sasa juzi wamenijia wameshikana mikono: "Shangazi, tunapendana, Jumapili hii batatutangaza kanisani." Nikapiga vigelegele, halafu nikavikatisha, maana Bwana Wilfried anapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa hilohilo, na mchungaji akiuliza nani ana pingamizi, si atasimama aseme hawa ni wa baba mmoja? Nifunge mgahawa nikimbilie kwa dada yangu kule Kazimia?

Shangazi wa Baraka

Mama Nadège anajibu: Shangazi wa watu, nimecheka mpaka nikalia. Sasa kaa unisikilize. Umempatia marehemu kaka yako watoto wawili wakubwa akiwa kaburini! Mjane wake ameshapata habari?

Hapa kwetu kila mama ni shangazi wa mtu. Hilo halifuti kazi. Sheria inasema hata kibarua wa kutwa, akishatimiza siku ishirini na mbili ndani ya miezi miwili nawe ukamwita tena, ni mfanyakazi wako wa kudumu. Wako wana miaka mitatu! Na kodi uliyoiogopa hukatwa kwenye mshahara wao, wewe unaipeleka tu. Caisse mnachangia pamoja. Espérance akipata mimba, au Vainqueur akiungua kwa mafuta, utawapa nini, pole?

Najua uliogopa, na wengi wanaogopa kama wewe. Lakini usiwaharibie watoto ndoa kwa sababu ya woga wako. Kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, nenda bureau, ofisini kwa inspekta, pamoja nao. Sema, "Nilidanganya." Omba ile karatasi irekebishwe, waandikie mikataba, waandikishe caisse, na michango ya nyuma uombe kulipa kidogo kidogo. Usimbebee inspekta sahani ya chakula, itakuwa rushwa, utakuwa na makosa mawili.

Kazimia hakuna cha kukimbilia. Shona kitenge, kaa benchi la mbele. Jumapili watangazwe wao, si wewe.