Mikate Iliyochelewa Mlimani

Mpendwa dada Hermína,

Kabla sijakujulia hali, nakuomba jambo moja: maneno haya yaishie kwako. Usimsomee shemeji, na kwa vyovyote yasimfikie Mama. Ukimaliza kusoma, itie barua hii motoni iungue. Najua utacheka kwamba mdogo wako ameanza na woga wake kama kawaida, lakini safari hii nina sababu.

Baada ya hayo, natumaini nyote mko wazima huko Bratislava na kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi hapa Poprad hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kidogo, lakini juzi alipanda ngazi akasafisha madirisha yote, nami nikagombezwa kwa kumshikia ngazi vibaya.

Mama anaamini kwamba mwisho wa wiki uliopita nilikuwa Košice kwenye mafunzo ya kazi. Sikuwa Košice. Nilikuwa kwenye milima ya Tatra, katika bonde lile lile alilofia Baba.

Ilianza kwa mzaha. Kila masika wenzangu wa ofisi ya ardhi hupanda hadi ile nyumba ya wageni ya juu mlimani, na kila mwaka mimi husingizia mafua. Safari hii bosi wetu, Radovan, alisimama mbele ya meza yangu akauliza kama mafua yameshafika au bado yako njiani. Wote wakacheka. Nikajisikia nikisema nitakwenda.

Unaikumbuka desturi: pale nyumba ya chini kila anayepanda huchukua mzigo wa kuwasaidia wapagazi, kuni au viazi, na juu hulipwa chai yenye ramu. Mimi nilipewa gunia la mikate. Tulichelewa kuondoka kwa sababu Radovan hakutaka kuacha supu yake ya kabichi, na tulipofika chini ya mteremko ule ambao theluji yake iliporomoka ikamfunika Baba na mzigo wake, jua lilikuwa limeshailainisha theluji. Ilishika buti kama uji.

Nikalitua gunia. Nikawaambia sivuki, na wao wasivuke. Turudi tulale chini, tuvuke alfajiri theluji ikiwa imeganda. Radovan akasema, "Blažej, bwana, huu ni mlima, si faili. Hauhitaji muhuri wako." Mwingine akauliza kama anishike mkono. Nikakaa juu ya gunia, nikasema anayetaka mkate aje anitoe. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Walinung'unika sana, lakini hakuna aliyetaka kumwacha mtu peke yake mlimani. Tukarudi.

Dada, hakuna kilichoporomoka. Jioni yote nilikaa dirishani nikiutazama mteremko ule, nao umelala tu kama ng'ombe aliyeshiba. Nilitaniwa mpaka tukaenda kulala.

Asubuhi tulivuka juu ya theluji ngumu, meno ya chuma chini ya viatu yakikwaruza. Mwenye nyumba ya juu, Mama Apolónia, alitupokea mikono kiunoni, akitaka kujua nani aliyewalaza wageni wake bila mkate. Wote wakaninyooshea kidole: "Huyu hapa, mwoga wetu!" Akaniuliza jina. Nilipotaja la ukoo, aliitua birika chini.

Alinipeleka ukumbini. Ukutani imetundikwa fremu ya mbao ambayo Baba alibebea mizigo. Waliipata theluji ilipoyeyuka. Pale, mpagazi akifa fremu yake haiguswi na mgeni, humngojea mtu wa damu yake. Mama Apolónia akasema, "Baba yako hakuogopa hata siku moja. Laiti siku ile angeogopa, hata kidogo tu." Akafuta macho kwa aproni, akaongeza kwamba chai sistahili, mikate imekuwa migumu kama mawe. Hata hivyo alinimiminia.

Sasa lile ninaloogopa kuliandika. Mama Apolónia anatafuta mpagazi, nami nimekubali. Nitaanza mwezi wa tano. Barua ya kuacha kazi nimeshampa Radovan. Aliisoma mara mbili, wala hakucheka. Nilipoiweka ile fremu mgongoni, mikanda ilinienea bila kurekebishwa. Bado naogopa, dada. Nitaendelea kuogopa, ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Mama lazima aambiwe, na nitamwambia mwenyewe. Ila siwezi kuyakabili macho yake peke yangu. Nakuomba uje Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ukae upande wa pili wa meza. Huenda akalia, huenda akavunja sahani. Akishatulia nitamsimulia habari za gunia la mikate, ajue kwamba huyu mwanawe anajua kugeuka nyuma.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Usinijibu nyumbani, kwa kuwa Mama huujua mwandiko wako tangu mlangoni; wala ofisini, huko hawana siri. Kuanzia sasa kila Jumamosi nitapanda kuzoea mzigo, na Mama atadhani mafunzo yanaendelea. Tuma barua yako nyumba ya chini, waambie waitie ndani ya gunia la mikate. Usihangaike kujua nani ataipandisha. Nitaipandisha mimi mwenyewe, asubuhi, theluji ikiwa bado ngumu.

Mdogo wako akupendaye,
Blažej