Mwiko Nimeushika, Baba

Kwako Baba, Mwalimu,

Mwiko nimeushika. Naanza na hilo ili usiendelee kusoma ukidhani nimekuandikia kuomba radhi. Nimeushika kwa mkono uleule uliopokonywa mwiko nikiwa darasa la nne, nikakoroga sufuria nzima ya mchuzi katika jiko la Mama hapa Kapsoya, mlango ukiwa wazi na majirani wakipita na kuona. Mbingu hazijaanguka. Mchuzi ndio uliofurika kidogo, nikapangusa.

Unaikumbuka siku ile? Mama alikuwa ametoka mbio kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, akaniambia, "Kipchumba, koroga hiyo ugali isiungue." Nikakoroga. Ukaingia kutoka shule na madaftari ya insha kwapani. Hukunipiga. Ulisimama kizingitini, maana hata kuingia hukutaka, ukanyoosha mkono ukaninyang'anya mwiko, ukauinua juu na kuanza kipindi.

"Huu unaitwaje?"

"Mwiko."

"Na jambo ambalo mtu haruhusiwi kulifanya, linaitwaje?"

"Mwiko."

"Basi Kiswahili kimemaliza. Mwanaume akishika mwiko, amevunja mwiko."

Ugali ukaungua tukiwa bado kwenye msamiati. Mama alirudi na nguo begani, akatutazama wote wawili, akakwangua sufuria. Mimi nilikuamini kwa miaka mingi. Ulikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nani angebishana na mtu anayelala na kamusi kando ya kitanda?

Halafu ukastaafu na nyumba ikawa ndogo. Ulisahihisha kila kitu. Ulimsahihisha mtangazaji wa redio, ukamsahihisha kasisi, ukasahihisha hata tangazo la kinyozi pale stejini mpaka akalipaka rangi upya. Nilipoleta mashine ya gemu kutoka mjini, ya mtumba, ulisema huo ni upuuzi wa vijana wasio na shamba. Lakini haukupita muda ukaanza kuniuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Ile safari yako ya mlimani imefika wapi?" Nikakupa padi ya kuchezea. Hukuirudisha.

Gemu yenyewe, nikukumbushe ulivyoipenda, ni ya msafara unaovuka mlima wa barafu. Kila jioni watu wanapiga kambi na mchezaji anachagua kazi yake: kupigana na mbwa mwitu, kuwinda, au kupika. Chakula kikiwa kibaya, mstari mwekundu wa uhai unapungua na wasafiri wanaamka wakitetemeka. Kikiwa kizuri, mstari unajaa na msafara unasonga mbele. Wewe, kama nilivyotarajia, ulichagua upanga. Vidole vilivyozoea chaki havikuwa na kasi ya upanga, na kila jioni mbwa mwitu walimla mwalimu mstaafu. Mpaka siku moja, ukiwa umechoka kuliwa, ukamchagua yule mzee mwenye aproni na kofia.

"Huyu si mpishi," ukatangaza kabla hatujauliza. "Huyu ni afisa wa chakula."

Mama alicheka mpaka kitambaa alichokuwa akifuma kikamponyoka. Na kuanzia siku hiyo, Baba, wewe ulipika. Ulipika kila Jumamosi mvua ikinyesha, ulipika Jumapili baada ya kanisa. Ulikuwa na chakula chako kimoja ulichokipenda kuliko vyote, mchuzi wa kambi: nyama ya mbuzi wa milimani, boga, uyoga, asali, na majani fulani ya buluu ambayo hakuna aliyewahi kuyaona duniani.

"Hayo ni managu," ulisema. "Aliyechora amekosea rangi."

Ulikoroga kwa kuzungusha kidole gumba juu ya padi, ulimi umechungulia kwenye kona ya mdomo. Mimi nikijaribu, ulinikemea: "Usikoroge kama unafukuza kuku. Boga linataka subira." Mama akakuuliza kutoka kwenye kiti chake, "Mwalimu, umeweka chumvi?" Nawe ukajibu bila kugeuka, "Niko nayo hapa." Mwanaume ambaye hakuwahi kujua chumvi ya nyumba yake mwenyewe inakaa wapi.

Nilikupenda sana siku hizo. Nataka hilo ulijue kabla sijaendelea kukugombeza.

Ulipoondoka, nilifunika mashine kwa kitambaa cha Mama na sikuigusa. Kisha mwaka huu Mama akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mkono na mguu, na maneno yakaanza kumtoka silabi moja moja kwa shida. Wamama wa kanisa walituletea chakula vizuri kabisa, Mungu awabariki, lakini nao wana nyumba zao. Wakapungua mmoja baada ya mwingine, na tukabaki mimi na Mama, na chai na mkate. Nilikuwa ninatoka kazini kwenye duka la vipuri vya trekta, ninamkuta amegeuzia sahani uso. Mstari wake mwekundu ulikuwa unashuka mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni mwa jiko kama ulivyokuwa ukisimama wewe.

Ndipo Baba Mdogo, mdogo wako, akapiga simu kutoka Chepsaita.

"Kijana, hiyo nyumba haina mwanamke jikoni," akasema. "Ama utafute jiko, ama tukuje tuchukue mama, akae huku kwetu."

Nikamwambia jiko ninalo, la gesi, liko hapo pembeni mwa dirisha. Hakucheka. Alisema watakuja Jumapili, yeye na Shangazi, na Mama awe amefungiwa nguo zake.

Hakuna aliyemuuliza Mama. Mama ana mazoezi ya mkono hospitalini kila wiki, na mkono ulikuwa umeanza kusikia. Ana kitanda chake, ana dirisha lake, ana marafiki wanaokuja kumwimbia. Huko Chepsaita wana mioyo mizuri na barabara mbaya. Nilipomweleza walichosema, alitazama ukuta na machozi yakamtoka kwa jicho moja tu. Na sababu ya yote hayo ilikuwa ni nini? Mwiko. Somo lako la darasa la nne, Baba, lilikuwa linakuja kumhamisha mke wako kutoka nyumbani kwake.

Jumamosi mchana nilitoa kitambaa nikawasha mashine. Sijui nilitafuta nini. Gemu hiyo huhifadhi safari pale mchezaji alipoiachia, na wewe ulikuwa pale. Kofia, aproni, moto unawaka, theluji inaanguka nyuma yako. Na mkononi mwako, mwiko. Nililia, sioni haya kulisema. Nikamaliza kulia, nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyonipeleka sokoni.

Nyama ya mbuzi nilinunua kwa mwenye bucha wetu. Boga na managu nikachukua kwa mama mboga, uyoga wa pakiti kwenye supamaketi, na asali kutoka kwa yule mzee anayeleta chupa zake kutoka bonde la Kerio. Jumapili asubuhi hatukuenda kanisani. Nilimweka Mama kwenye kiti pale mlangoni mwa jiko, katika kizingiti chako, nikamwambia, "Leo tunapika ile ya Mwalimu." Alinitazama. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akaanza kunionyesha kwa kidole: vitunguu kwanza. Punguza moto. Funika.

Nikakoroga boga kwa subira. Kuku wote wa mtaa walikuwa salama.

Nilipomwonjesha, alikunja uso. Managu yalikuwa machungu kama dawa. Nikafikiri yamekwisha, nimeharibu, Baba Mdogo ameshinda kabla hajapanda gari. Mama akajikaza na mdomo wake.

"Ma... zi... wa."

Kwenye gemu hakuna maziwa, Baba. Lakini nyumbani kwetu hakuna managu bila maziwa, na wewe mwenyewe ulikuwa ukiyakataa yakija makavu. Nikamimina. Uchungu ukalainika, asali ikaonekana kwa mbali, nyama ikaanza kuachia mfupa. Mama alionja tena. Alifungua mdomo kuomba kijiko kingine.

Walifika saa ya chakula. Baba Mdogo aliomba, akaombea safari ya kurudi kabla hata hatujala, akimtaja Mama humo ndani. Nikasonga ugali, nikaleta mchuzi, nikaleta mursik, maziwa yetu ya kibuyuni. Shangazi akaonja, akaonja tena.

"Hii imepikwa na nani? Ni yule jirani yenu?"

"Ni mimi, Shangazi."

Baba Mdogo alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha kwenye sahani.

"Kijana, kuna mambo ingine ni mwiko," akasema, taratibu, bila ubaya. "Mzee angekuwa hapa, hangekula hii chakula."

"Mzee ndiye alinifundisha."

"Ndugu yangu? Huyo hata maji hakuwahi chemsha."

Sikubishana. Nimelelewa na mwalimu, najua ushahidi unavyoletwa. Niliinuka nikawasha runinga, na ukatokea. Moto wako, theluji yako, mwiko wako. Juu ya kichwa chako jina uliloliandika kwa herufi kubwa, MWALIMU, na chini yake cheo ambacho gemu ilikupa baada ya jioni zile zote: mpishi mkuu wa msafara. Nikawaeleza yote, tangu mbwa mwitu mpaka chumvi. Shangazi aliweka kijiko chini akasogea karibu na kioo.

"Kumbe alikuwa anapika?"

"Hiyo ni katuni," akasema Baba Mdogo.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha Mama. Ilitoka vipande vipande, lakini kila kipande kilifika.

"A... fisa. Wa. Cha... kula."

Akacheka, Baba. Nusu ya uso wake ilicheka, na ile nusu nyingine ilijitahidi. Shangazi akashikwa na kicheko naye mpaka akajifuta macho kwa leso. Nilikuwa sijamsikia Mama akicheka tangu tulipokuzika.

Baba Mdogo alisubiri tunyamaze. Si mtu mbaya, na mimi simchukii. Ameshika alichofundishwa na kaka yake mkubwa, kama nilivyokishika mimi. "Sawa, tumecheka," akasema. "Lakini mama tunaenda na yeye leo."

Mama aliweka kijiko mezani. Alijipanga. Tangu augue, hakuna neno lililowahi kumtoka likiwa zima, na hili lilitoka zima, na makali yake yote.

"Siendi."

Kisha akakichukua kijiko chake kwa mkono wa kushoto akaendelea kula. Mwenyewe, bila mimi kumlisha.

Baba Mdogo hakula. Alikunywa mursik, akachukua kofia yake, akaniambia "tutaongea," na alitoka akiwa na njaa, jambo ambalo ni haki yake. Shangazi alimaliza sahani akaifuta kwa tonge la mwisho. Alinifuata jikoni akijifanya analeta vyombo, akaninong'oneza, "Hiyo asali uliweka saa ngapi?" Nikamwambia mwishoni, moto ukishapungua. Akaniomba nimwekee kidogo kwenye kopo aende nao. Umeenda Chepsaita, mchuzi wako. Mama amebaki.

Sasa nisikilize wewe, maana ni zamu yangu kusimama kizingitini. Ulikuwa unajua. Ulijua raha ya kukoroga kitu mpaka kikubali, na ya kuona watu wakiamka na nguvu kwa sababu ya mkono wako. Ulijua hayo yote ukajificha nayo ndani ya runinga chini ya cheo cha uongo, na huku nje mke wako akakupikia maisha yake yote bila kupata hata siku moja ya kuketi na kupikiwa. Ungeweza kumpikia mara moja tu, Baba. Angeweka maziwa yeye. Hilo linaniuma, na silifuti hata ukilipigia mstari mwekundu.

Watarudi. Baba Mdogo akisema tutaongea, huwa tunaongea. Wataleta wazee wengine na labda jina la msichana fulani wa Turbo. Waje tu, na waje wakiwa na njaa, kwa sababu jibu lao litakuwa kwenye sufuria. Nikioa, nitaoa mtu wa kula naye. Na Mama hatafungiwa nguo na mtu yeyote.

Safari yako sijaiendeleza. Nimekuacha palepale kando ya moto. Kando, Baba, si ndani. Kasisi asiwe na wasiwasi. Mama hupenda niwashe jioni akutazame kidogo anapofanya mazoezi ya mkono wake. Juzi alikunja vidole vya kulia mpaka vikashika. Nilimpa mwiko ajaribu nao, na aliushika kwa muda kabla haujaanguka. Tukauokota, nikauosha.

Mwiko sasa unakaa kwenye msumari uliokuwa ukitundikia kofia yako, pale mlangoni, kila anayeingia auone. Ukiona nimevunja mwiko, Mwalimu, unajua nyumba ilipo. Njoo uuchukue. Lakini kabla hujaugusa, utamuuliza Mama chumvi iko wapi.

Mwanao,
afisa wa chakula.