Roseline, Vile Havikuwa Vilima

Mwaka umetimia, Roseline, tangu utuondokee ghafla asubuhi ile, brashi ya rangi ikiwa bado nyweleni na rangi ya buluu haijakauka kwenye bango la kinyozi. Mpaka leo tumeduwaa.

Ulikuwa mpole, lakini kwenye kazi yako ya kuchora mabango hukumpisha mtu. Aliyetaka bango la chipsi alipata chipsi, na nyuma yake foleni ya maji ya mtaa wetu, Shika Adabu, kila mtungi na mwenyewe.

"Mama Valarie, mimi nimeagiza viazi tu!"

"Na hivyo viazi vyaliwa wapi, mwezini?"

Sebuleni ulitundika picha moja kubwa, ukaiita "Nyumbani". Mumeo Mutua, mstaafu wa bandari ambaye ulimi wake haujastaafu, aliwaambia wageni wote kuwa ni vilima vya kwao Ukambani. Kila kilima akakipa jina na chui wake. Kile cheupe katikati alikiita maporomoko ya maji, akaapa aliwahi kuoga humo, chui watatu wakimshikia taulo. Wewe ulicheka tu. Yeye akadhani umekubali, na miaka ilivyopita akaamini mwenyewe.

Ulipofariki, Valarie alilia, "Baba, mama alizaliwa Changamwe. Tumzike hapa hapa Mombasa."

Mutua akainyooshea picha kidole. "Mwenyewe kachora kwao. Mwataka ushahidi gani?"

Nasi tukamwamini. Tukakupeleka Ukambani, mahali ambapo hukuwahi kulala hata wiki nzima.

Tuliporudi, jirani yako Bi Kuluthum alikuja kutupa pole. Nyinyi wawili mlizoea kuketi uani kwake, kwa hiyo hadithi ya vilima haikuwahi kumfikia. Mutua akamwonyesha picha, akamwambia umepumzika pale, chini ya kilima cha pili.

"Kilima gani, Mzee Mutua? Haya si mapaa yetu ya makuti? Aliyachora akiwa dirishani kwangu, juu ghorofani. Hili la Barakat, fundi cherehani. Lile la mamangu. Na hiki cheupe ni kanzu ya Imad, niliianika mimi mwenyewe! Wallahi, alinikataza kuianua siku nne, mume wangu akaenda msikitini na kanzu ya kuazima."

Mutua akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. Akaona vibanio viwili vya nguo, umevichora vizuri kabisa. Akaketi sakafuni.

Tunakuomba radhi, Roseline. Ulituonyesha kwenu ni wapi, nasi tukakuzika ugenini.

Jumamosi hii sala zitafanyika hapa mtaani, na picha itatolewa nje, kila mtu alitafute paa lake. Kukufukua Mutua hataki, asema umesumbuliwa vya kutosha. Lakini ameshawaagiza watoto: siku yake ikifika wampeleke huko huko, alale ubavuni pako, maana hawezi kukuacha peke yako mahali usipojuana na mtu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Mutua, wanao Valarie na Fidel, dada yako Jael, na Bi Kuluthum, ambaye hajaanika kitu kwenye kamba ile ya kanzu tangu uondoke.

Hatutakusahau maisha yetu yote.