Kabla Kompyuta ya Mama Sifa Haijashika Mtandao

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeacha matope hadi mlangoni kwangu hapa Umoja. Viatu nimeviacha nje, sina nguvu za kuviosha.

Nimekosea, na nataka kuandika kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta za shirika letu. Kila moja imesajiliwa kwenye mfumo wa mtandaoni, na nikiwa mezani pangu naweza kuifunga au kuifuta yote hata ikiwa upande wa pili wa jiji. Ijumaa bosi alinipa orodha ya kompyuta kumi na moja za mradi uliofungwa mwaka jana, akasema zifutwe na zitolewe kwenye mfumo. Nilidhani zote ziko stoo, ambako nilikuwa nimeziwasha na kuziunganisha. Nikazichagua kwa pamoja, nikabonyeza, nikaenda nyumbani.

Sikusoma majina.

Leo asubuhi nilipofungua mfumo, moja ilikuwa bado inasubiri. Jina: Nekesa. Huyo ni Mama Sifa, aliyekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kule Mukuru kwa Njenga. Mradi ulipofungwa alipewa ile kompyuta iwe yake, kwa barua na picha ya kupeana mikono. Ilikuwa kazi yangu kuitoa kwenye mfumo siku ileile. Sikuitoa.

Amri ya kufuta ikishatumwa hairudi. Hukaa ikingoja kompyuta ishike mtandao, basi.

Nilimpigia mara sita, simu imezimwa. Nikamwambia bosi naenda dukani, uongo, nikatoka kwa miguu. Ofisi yetu iko Industrial Area, si mbali. Nyumbani kwa Mama Sifa nilimkuta jirani akianua nguo.

"Ameenda zahanati," akaniambia. "Leo anatuma ile kazi yake ya diploma. Huko kuna nesi humsaidia na bando la intaneti."

Nilikimbia kwenye matope yale kama mtu aliyeibiwa.

Nilimkuta kwenye benchi, kompyuta iko wazi mapajani, nesi kando yake ameshika simu.

"Mama Sifa, usiunganishe. Tafadhali."

Akanitazama jinsi anavyowatazama wagonjwa. "Achieng'? Kwani kuna nini?"

Nikamweleza yote. Akaifunga kompyuta polepole, akaweka mikono yote miwili juu yake.

"Hii mlinipa. Niko na barua."

"Najua. Kosa ni langu."

"Kwa hivyo muda huu wote umekuwa ukiona vitu vyangu?"

"Hapana. Siwezi kuona ulichoandika."

"Huwezi kuona, lakini unaweza kufuta."

Nikamwomba anakili vitu vyake kwanza.

Ndani mlikuwa na utafiti wake: mahojiano na akina mama waliojifungulia nyumbani, aliyoyachapa kwa vidole viwili, miezi na miezi, usiku watoto wakilala. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Nesi akaleta flashi. Niliponyoosha mkono kusaidia, Mama Sifa akasema, "Wacha, nitafanya mwenyewe." Akanakili kila kitu, kisha akafungua faili moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya zahanati, akisoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Alipotosheka ndipo akaruhusu mtandao uwashwe, ile amri ipite iishe.

Hazikupita dakika tano, skrini ikawa nyeusi na kompyuta ikaanza kujifuta. Yeye akageuka, akaangalia ukuta.

Ilipowaka tena, ikadai barua pepe ya shirika.

"Kwani bado haijaisha?" Mama Sifa akauliza.

Haikuwa imeisha. Kuna sehemu mbili za kuitoa: orodha ya kompyuta tunazosimamia, na daftari la mtandaoni ambamo namba yake iliandikwa siku iliponunuliwa. Ukiisahau hiyo ya pili, kompyuta ikisafishwa hurudi kwa mwenyewe wa zamani. Nikaingia kwenye mfumo kwa simu yangu, nikaitoa kote kuwili. Tukangoja karibu saa nzima. Nesi akatupa chai ya tangawizi. Tukaisafisha upya, na safari hii ikauliza lugha, kisha jina la mwenyewe.

Mama Sifa akaandika NEKESA, kwa herufi kubwa.

Saa tisa kazi yake ilikuwa imefika chuoni.

Alinisindikiza hadi barabarani. "Ungeweza kunyamaza," akasema. "Ningedhani imeharibika tu."

Nilimwambia asante. Sikumwambia kwamba asubuhi, kabla sijasimama kutoka kwenye kiti, wazo hilo lilikuwa limenipitia, na halikupita haraka.

Nilirudi ofisini nikamwambia bosi ukweli, pamoja na ule uongo wa dukani. Akasema, "Basi ile orodha uisome sasa." Nikaisoma, jina moja baada ya jingine, kidole kwenye skrini. Tisa ziko stoo kweli. Moja ni ya Mama Sifa.

Ya kumi na moja ni ya Mzee Kariuki wa Dandora, aliyekuwa akiwafundisha waokota taka kusoma. Naye alipewa, kwa barua kama ile. Mbele ya jina lake pameandikwa kwamba amri imekamilika, tangu Jumamosi.

Hajapiga simu. Labda anafikiri imeharibika. Labda anajilaumu kwamba amebonyeza vibaya. Sijui alikuwa ameweka nini humo, na hakuna mahali pa kuangalia.

Nimeomba ruhusa ya kesho, na bosi amenipa. Asubuhi nitabisha hodi kwake kabla hajafikiria kunitafuta. Sina cha kumrudishia. Nitaenda hivyo hivyo.