Nanang wa Shule ya Fermina

Maddela, 14 Juni 1987

Kwa Nanang, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku milimani. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kufundisha kutwa. Ndiyo, tumefungua shule! Tuna watoto kumi na mmoja. Shule ya serikali iko ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha hakuna anayevuka, kwa hiyo wengine hawajawahi kushika kalamu.

Tunasomea chini ya nyumba ya mjane mmoja, Nana Basilia. Nyumba yake imesimama juu ya nguzo, nasi tumekaa kwenye mikeka pamoja na kuku wake. Tunaanza na Kiilokano chetu cha nyumbani, Kiingereza kitafuata. Nana Basilia anawapikia uji wa mchele, na ukimshukuru anakufukuza jikoni. Njoo utuone.

Bintiyo,
Fermina


Sinait, 2 Agosti 1987

Mwanangu Fermina,

Barua imefika, nami nafurahi kusikia u mzima. Goti ni lile lile. Vitunguu saumu mwaka huu vimekuwa vidogo.

Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na hakuna kuku aliyekatiza darasani kwangu. Watoto wakisikia viatu vyangu kwenye baraza, kimya! Wako wanakaa mkekani kama wako msibani? Na Kiilokano cha nini? Hicho wanacho tangu tumboni.

Ulisema nikistaafu utarudi Sinait. Nimestaafu. Meza bado naandaa kwa watu wawili, mazoea tu.

Huyo Basilia hana watoto wake? Hukuniambia.

Mama yako,
Apolonia


Maddela, 19 Februari 1989

Nanang mpendwa,

Unisamehe kwa ukimya huu mrefu. Natumaini hujambo na miguu inakupeleka kanisani bila taabu. Mengi yamepita. Sasa tuna watoto arobaini na walimu wawili zaidi. Oktoba kimbunga kiling'oa paa lote la nyumba, vitabu vikalowa. Wazazi walikuja na mianzi na nyasi, wengine nyumba zao wenyewe hazijaezekwa, wakatuezekea kwanza. Nililia mbele ya watoto. Sikuona aibu.

Kisha nikashikwa na homa kali. Nanang Basilia alinilaza kwake, akanilisha kwa kijiko, akanikatalia kusimama hata nilipomgombeza. Sasa nimepona kabisa. Juni tunazindua jengo letu wenyewe, lenye vyumba vitatu. Safari hii lazima uje.

Bintiyo,
Fermina


Sinait, 6 Machi 1989

Fermina,

Sijambo. Miguu inafika kanisani.

Habari za kimbunga nilizipata sokoni kabla ya barua yako, kwa muuza samaki. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanao kapona?" Nikamjibu, "Kapona," kama najua alichougua! Nikanunua samaki nisiowataka ili niondoke upesi.

Na nimeisoma barua yako mara ya pili, nikidhani macho yangu yamechoka. Zamani alikuwa Nana Basilia, shangazi kama shangazi wote wa mitaani. Sasa ni Nanang. Amekulisha kwa kijiko mara ngapi hata apandishwe cheo? Mimi nilikulisha miaka mitatu, na ulikuwa unatema.

Juni nitakuja. Nataka kumwona.

Mama yako, yule wa kukuzaa,
Apolonia


Maddela, 20 Juni 1989

Nanang,

Natumaini ulifika salama na basi halikukuumiza goti. Kwa nini uliondoka?

Kiti chako kilikuwa mstari wa mbele. Sikujua watoto wangemvika Nana Basilia shada la maua, wala sikujua wangemwita akate utepe. Waliamua wenyewe. Nilipokutafuta ili nikutambulishe, kiti kilikuwa kitupu. Nana Basilia akaninyang'anya kipaza sauti: "Mkimbilie mama yako, we mtoto! Hawa watu wana njaa, hawana haja na hotuba yako." Nilikimbia na viatu vya sherehe mkononi. Basi lilikuwa limeshaondoka.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Bintiyo,
Fermina


Maddela, 17 Desemba 1989

Nanang,

Krismasi njema. Je, unaumwa? Nimeandika mara tatu. Padri wa Sinait amenijibu kwamba anakuona kila Jumapili, umesimama wima kama kawaida. Basi nashukuru.

Watoto sasa ni themanini na watano.

Fermina


Sinait, 25 Machi 1990

Fermina,

Nimesikia. Usiniulize kwa nani, nusu ya walimu wa jimbo hili nimewafundisha mimi. Kibali chenu cha muda kinakwisha, na ofisi ya elimu inataka mwalimu mkuu mwenye cheti na miaka kumi kazini, la sivyo Juni hamfungui.

Nimesikia pia ulikokwenda kuomba mwalimu mkuu. Kwa masista. Kwa yule mzee asiyesikia wa Cabarroguis. Hata kwa Crispulo, mlevi yule, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya! Umemwomba Crispulo, hukuniomba mimi.

Apolonia


Maddela, 8 Aprili 1990

Nanang,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, ingawa umenichapa.

Niliogopa. Ungekataa, ningepoteza shule na mama kwa bahasha moja. Nana Basilia ananisema kila siku: "Una mama mwalimu, unahangaika na walevi!" Naye mwenyewe hutafuta mtu wa kumsomea barua kwa siri, maana hataki watoto wajue kuwa hajui kusoma.

Sasa nakuomba. Njoo uwe mwalimu mkuu wetu.

Bintiyo,
Fermina


Sinait, 1 Mei 1990

Kwa Uongozi wa Shule, Maddela

Natumaini uongozi ni mzima. Mimi, Apolonia, mwalimu mstaafu, naomba kazi ya mwalimu mkuu. Vyeti nitakuja navyo, barua za posta hupotea.

Fermina, nimechoka na lugha hii ya ofisi. Si shada lililonipandisha basi siku ile. Nilipita karibu na dirisha la darasa nikamwona mtoto wa kike akimsomea baba yake kitabu. Alikosea, akacheka, akarudia, akaendelea. Wangu mimi walisoma vizuri, lakini wakikosea walinitazama mikono. Nilisimama pale nikakuonea wivu wewe, mwanangu, kuliko nilivyowahi kumwonea Basilia. Na bado ninao, usifikiri nitauacha Sinait. Nakuja nao.

Basi sikia masharti. Kuku wasipite ofisini. Watoto waniite Mwalimu, nami nitajaribu kuvua viatu mlangoni. Jikoni ni kwa Basilia, sitatia mguu. Jioni aje ofisini kwangu, afunge mlango, nitamfundisha kusoma, na mtu asijue.

Na akitaka kuendelea kuitwa Nanang, mwite. Ila tukiwa wote wawili chumbani na ukaita, atakayeitika wa kwanza ni mimi.

Nitafika na basi la Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Uje kunipokea wewe mwenyewe.

Mama yako,
Apolonia