Wa Ng'ambo, Umelala?

Manyoni, Aprili 1956

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kabla hujanisaidia ujue kwanza unamsaidia nani, maana hii si barua ya mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mimi ndiye Zefania wa Mungaa, yule wa redio, yule aliyewashinda vijana wote wa Jimbo la Kati katika mashindano ya kuimba kule Dodoma, na kama hujanisikia basi ama redio yako ina betri mbovu ama wewe mwenyewe masikio yamekwisha. Hapa Manyoni watu wanabishana kama wewe ni bibi kweli au ni mwanamume mwenye masharubu anayejifanya bibi, mimi nimesema ni bibi, tafadhali usiniaibishe.

Shule nimesoma mpaka darasa la nne, la tano nililiona kwa dirishani, kwa hiyo kalamu ikikosea samehe, sauti yangu haikosei. Nikipita stesheni wapagazi wananiita kwa wimbo wangu. Nina kofia ya kijivu yenye utepe, na kofia za namna hii Manyoni nzima ziko mbili tu, yangu na ya stesheni masta, na ya kwake imeliwa na panya. Wasichana sitawataja, gazeti lenu linasomwa na mapadri.

Sasa shida yangu ni hii. Wimbo ulionipa ushindi haukutoka kitabuni, ni wimbo wa kuamia ndege. Kwetu mtama ukishika maziwa kweleakwelea wanashuka kama mvua na shamba linaweza kuliwa lote asubuhi moja, kwa hiyo tunajenga ulingo wa miti mwanzo wa shamba na mwingine mwisho wa shamba, mtu mmoja anakaa huku na mwenzake kule, kila mmoja na kombeo lake, na ili asilale mtu mnaitana. Mimi nilikaa huku na dada yangu Luciana akakaa kule, tangu tulipokuwa wadogo wa kupandishwa ulingoni kwa kubebwa. Mimi naita, "Wa ng'ambo, umelala?" Yeye anaitika, "Sijalala, naona ndege!" Naita tena, "Wa ng'ambo, ndege wa nani?" Anaitika, "Wa kwako, njoo uwachukue!" na hapo anacheka, na kicheko chake ndicho kilichokuwa kinawafukuza ndege, kombeo lake halikuwahi kumpata hata mmoja. Kwa Kinyaturu wimbo unapendeza zaidi, lakini gazeti lenu halijui Kinyaturu, poleni.

Basi tangazo la mashindano likafika, na tangazo likasema kila mwimbaji asimame peke yake. Nikamwambia Luciana siendi, akaniambia, "Nenda wewe, kichwa kikubwa, mimi nitaitikia hukuhuku." Nikamwambia sauti yako haifiki Dodoma. Akasema, "Yako inafika? Basi yangu itaifuata."

Nikaenda. Nikasimama ukumbini mbele ya watu na Wazungu wawili na mashine, nikaita, "Wa ng'ambo, umelala?" halafu nikanyamaza, na sikunyamaza kwa akili, mshauri, nilinyamaza kwa mazoea, maana pale ni pake Luciana na mimi sijazoea kupita juu ya mtu. Ukumbi ukawa kimya mpaka nikasikia mtu akimeza mate. Nikaita mstari wa pili, nikanyamaza tena, hivyohivyo mpaka mwisho. Mwamuzi mmoja, mwalimu mzima mwenye miwani, akasimama akasema hajapata kuona kijana anayejua kunyamaza namna ile. Mimi! Mama angemsikia angecheka mpaka aangushe mtungi.

Wakautia wimbo katika mashine wakaupeleka Dar es Salaam, nami sikurudi nyumbani, nikabaki hapa Manyoni kwa Bonaventura, mpiga gitaa mwenye bendi, nikawa naimba katika dansi. Siku wimbo ulipotoka redioni nilikuwa hotelini nimekaa na kofia yangu nikipongezwa na watu nisiowajua. Baadaye akaja Simeoni, dereva wa lori anayepita kwetu, anacheka hata kushuka hawezi, akasema, "Wewe, dada yako kaijibu redio!" Akanieleza kwamba Mungaa nzima ilijaa mbele ya duka, watu wamekaa chini kama barazani, na Luciana naye yupo, amejifunika blanketi. Redio ikaita, "Wa ng'ambo, umelala?" na kabla mtu hajapumua Luciana akainuka akaitika, "Sijalala, naona ndege!" Watu wakapiga vigelegele, mwenye duka akajigamba kwamba katika Tanganyika nzima redio yake ndiyo pekee inayojibiwa. Kila nilipoacha nafasi yeye akaijaza mpaka wimbo ukaisha. Simeoni alicheka na mimi nikacheka, nikamnunulia chai na maandazi.

Sikuuliza blanketi la nini wakati wa jua. Alikuwa anaumwa kifua, mshauri, na alimkataza mama asinipelekee habari, alisema, "Mwacheni aimbe."

Mvua zikaja na barabara ikakatika. Habari zilipopita na mimi nilipopita, nilikuta kaburi limeshafunikwa na udongo bado haujakauka. Mungaa nzima imeusikia wimbo ule mzima isipokuwa mimi niliyeuimba.

Haya, nisikuchoshe, machozi si kazi ya mtu mwenye kofia kama yangu. Baada ya matanga nilirudi Manyoni, maana pale kwetu kila ninayekutana naye anasema tuimbie, halafu anakumbuka, halafu anatazama miguu yake. Sasa amekuja bwana mmoja wa santuri kutoka Nairobi, ameusikia wimbo na anautaka, atarudi na mashine yake baada ya mavuno. Lakini amemwambia Bonaventura kwamba nafasi zile tupu hazifai. Bonaventura naye ananiambia, "Bwana mdogo, redioni ulisifiwa, lakini kwenye santuri watu watadhani sindano imeruka. Watarudisha santuri dukani. Tumtie Anastasia." Anastasia ni msichana wa kwaya hapa Manyoni, sauti anayo, sina la kumsema. Tukafanya mazoezi. Niliita, akaitika vizuri, hata alicheka mahali penyewe, maana nilimfundisha acheke. Tulipomaliza akaniuliza, "Huyu ninayeitikia katika nafasi yake ni nani?" Nikamwambia hakuna mtu, ni wimbo tu.

Nikamtuma Simeoni kwa mama akamwambie kuna santuri na kuna msichana wa kuitika. Simeoni amerudi, safari hii hakucheka. Akasema mama aliendelea kupepeta uwele mpaka ungo ukaisha, halafu akasema, "Mwambie Zefania mimi si ng'ombe." Ninyi watu wa mjini hamtaelewa, ngoja niwaeleze: ndama akifa ng'ombe anakataa kukamuliwa, basi tunachuna ngozi ya ndama tunaijaza majani makavu tunamsogezea mama yake, naye anailamba anadhani ni mwanawe, na maziwa yanashuka. Nimeifanya kazi hiyo mwenyewe mara nyingi, na ng'ombe wetu wote walidanganyika. Mama anasema yeye hadanganyiki.

Sasa mshauri, mama hana mwingine ila mimi, baba alishatangulia zamani. Redio wakiurudia wimbo, yeye anatembea mpaka dukani kwenda kuzisikiliza zile nafasi, anakaa, zikiisha anaondoka bila kununua hata chumvi. Nikimkataa bwana wa santuri nitarudi kuchunga ng'ombe na kofia yangu italiwa na panya. Nikimkubali mama atasikia mtu mwingine pale, na redio hata ukiizima jirani ataiwasha. Na huyo mama naye badala ya kunijibu vizuri ametuma neno jingine juu ya hilo, kwamba mtama umeshika maziwa na ndege wameshashuka, naye yuko peke yake anakimbia kutoka ulingo huu kwenda ule, nami nimejibu akodi mtoto, mimi nina mazoezi. Nifanye nini? Jibu upesi, na usinifokee, nimezoea kupigiwa makofi.

Ni mimi Zefania wa Mungaa, mwimbaji wa redio.

JIBU

Marahaba, Zefania. Masharubu sina, na masikio ninayo. Nilikusikia ukiimba. Uliponyamaza nilidhani betri yangu imekufa, nikaipiga redio kofi. Sasa najua kimya kile kilikuwa cha nani, na ninaomba radhi kwa kofi lile.

Wewe umesema usifokewe. Ungetaka kutofokewa ungewaandikia wapagazi wa stesheni. Pole kwa msiba, mwanangu. Pole sana, nasema kwa moyo wote, maana katika barua yako nzima hukumwachia mtu nafasi ya kukupa pole. Kila inapokaribia unamwonyesha kofia.

Nitaanza na Anastasia kwa sababu ndiye rahisi. Msichana alikuuliza swali la heshima nawe ukamwambia hakuna mtu. Nenda kesho umwambie: alikuwa dada yangu, jina lake Luciana, alikuwa akicheka pale kwa sababu alikuwa akinitania. Umefundisha mtu wa watu kicheko cha marehemu bila kumwambia! Akijua, huenda atakataa kuimba, na atakuwa na haki.

Bonaventura naye anajua gitaa na sindano, mwachie hayo. Mwambie wimbo huu utakwenda kwenye santuri kama ulivyokwenda redioni, au hautakwenda. Bwana wa Nairobi akikataa, muulize anataka upi mwingine. Unao mwingine? Hukutaja hata mmoja. Kijana mwenye wimbo mmoja hajawa mwimbaji bado, hata akiwa na kofia kumi. Tunga. Una mpaka mavuno, na huzuni unayo ya kutosha, ingawa umeificha vibaya. Na asipotaka chochote, basi treni itakayomrudisha kwao si ya mwisho kupita Manyoni.

Sasa mama yako. Hapa nakufokea kwa ukamilifu. Neno la namna hiyo unampelekea mama kwa dereva wa lori? Simeoni ni mtu mwema, lakini anabeba magunia, na hilo halikuwa gunia. Amekujibu kwa hasira kwa sababu ulimtumia mtu, na amekujibu kweli kwa sababu ni mama. Usimwombe ruhusa ya santuri. Usiitaje kabisa mpaka yeye mwenyewe akuulize, na kama hataki kuuliza, ukae nayo kimya. Watu wenye miwani wanasema unajua kunyamaza.

Kuna jambo moja unalitaka kuliko santuri, nawe umeliandika bila kuliomba. Unasema Mungaa nzima imeusikia wimbo mzima isipokuwa wewe. Mama yako alikuwa pale mbele ya duka. Alimshika mwanawe asianguke aliposimama, sina haja ya kuambiwa. Umewahi kumwuliza mama yako jinsi Luciana alivyoitika siku ile? Sauti ilikuwaje? Pale pa kicheko, alicheka au kifua kilimkataza? Kwenye matanga ulikaa naye na hukuuliza, na baada ya matanga ulikimbia. Yeye anatembea mpaka dukani kuzisikiliza nafasi tupu kwa sababu hakuna mtu nyumbani wa kumsimulia kilichokuwa ndani yake. Muulize. Atalia, nawe utalia, na hakuna mpagazi atakayewaona.

Na neno lake la mwisho hukulielewa, wewe uliyezaliwa shambani. Mama hakutuma habari za ndege ili akodi mtoto. Watoto wa kukodi amewaona tangu hajakuzaa. Alikuambia kwamba ulingo mmoja hauna mtu.

Basi mtafute Simeoni, panda lori lake la kwanza, kofia uiache kwa Bonaventura aitunze. Ukifika msalimu mama kwa heshima, kula atakachokupa, lala. Alfajiri, kabla ndege hawajashuka, usiende kwenye ulingo wako. Mwachie mama huo. Wewe vuka shamba mpaka mwisho, panda ule wa Luciana, ukae, utulie. Ikichukua asubuhi nzima, ikichukua siku kadhaa, rusha mawe na usimharakishe. Siku atakapokuwa tayari ataita kutoka upande ule, akuulize kama umelala, na la kujibu unalijua.